Mlango, Kizazi, Koo

1.

Kila neno humu ni kweli tupu. Likipatikana la uongo, mwandishi atalipa. Shahidi yupo: Namkunda, mke wa Sefania. Kwa sasa yuko jikoni na hajaulizwa.

2.

TANGAZO
(ukutani, zahanati ya kijiji)

Chanjo dhidi ya virusi vya HPV itatolewa Alhamisi kwa wasichana wa miaka tisa hadi kumi na minne. Hukinga saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivyohivyo huweza pia kuleta saratani ya koo. Wazazi wote mnaombwa

(hapa mbuzi alikula karatasi)

3.

Sefania, mstaafu wa reli, aliyewahi kusimamisha treni kwa chafya (waulize wenzake, wale waliokufa), alilisoma kwa sauti mbele ya waliokuwa wakisubiri dawa. Akavua miwani. Akasema mbona liko wazi: mlango ni mlango wa ukoo, kizazi ni kizazi, na koo ndizo koo zetu hizi. Zinatafutwa koo zenye balaa. Atakayempeleka binti yake ameshakiri kwamba ukoo wake umo.

Alitaka wacheke tu.

Walicheka.

Wakaenda nayo nyumbani.

4.

Kwenye mashine ya kusaga:

— Ukoo wenu mmeitwa?

— Sisi? Labda nyie wa bondeni.

— Basi wangu haendi. Akishachanjwa ataolewa na nani?

5.

Maelezo ya Sefania kuhusu uvimbe wa shingoni mwake:

ni mwiba wa perege uliokataa kushuka;

ni filimbi ya reli, aliimeza behewa lilipoyumba;

hauumi, kwa hiyo haupo.

Kuhusu sauti iliyokwaruza tangu masika, na sikio linalochoma akimeza, hajatoa maelezo.

6.

Makande.

Mpare akiacha makande yake ya mahindi na maharage sahanini, mkewe hangoji kuambiwa. Namkunda aliitazama sahani, akaitazama shingo, akachukua kanga yake ya kutokea, akamtanguliza mumewe zahanati.

7.

Ilikuwa Alhamisi. Benchi la chanjo lilikuwa tupu. Nesi Kokubelwa, mgeni kutoka Bukoba, alikaa na boksi lake la baridi limejaa vilevile. Namkunda akauliza watoto wako wapi. Nesi akasema wamezuiwa majumbani, kuna mzee amesema chanjo inapima koo.

Namkunda akamgeukia mumewe.

Mumewe akavikagua viatu vyake, kwa muda.

8.

Nesi akamulika tochi kooni. Koo hili la kumezea. Kisha akaeleza taratibu, macho yake akiyaweka mezani kwa heshima: virusi hivyo hupita kwa kujamiiana, hata kwa mdomo. Wengi huvipata, mwili ukavifuta. Kwa wachache hujificha miaka mingi, kwenye tezi za koo au kule nyuma ya ulimi, na havisemi vilitoka kwa nani. Kwa babu huenda ndivyo, huenda sivyo. Aende hospitali ya mkoa wakate kinyama wapime. Na ikiwa ndiyo, wakiwahi, wengi hupona. Chanjo haitamtibu yeye. Itawakinga wale waliofungiwa ndani.



Sefania alimtazama mkewe kama mtu anayengoja kofi.

"Mdomo wangu na wako imelala nyumba moja miaka yote hii," Namkunda alisema. "Nikamuulize nani?"

9.

(mwandiko mwingine)

Mume wangu ndiye aliyeandika haya, na ameficha. Nililia kwanza ndipo nikasema, na yeye alilia kunizidi. Treni hakuisimamisha kwa chafya wala kwa kitu kingine, alikuwa anakata tiketi. Baba Nakiete, umeshikwa. Lipa. — Namkunda

10.

Analipa.

Kinyama kimeshakatwa. Nesi amekubali kurudi na boksi lake. Sefania anapita nyumba hadi nyumba, mkewe nyuma yake kuhakikisha haongezi chumvi. Anafungua skafu, anawapa watu shingo yake waishike. Anasema hili si balaa la ukoo, alitania vibaya, wampeleke binti.

Kwa Mama Eliaichi hapakuwa na kicheko. Aliuweka mkono pale penye uvimbe, akauacha.

"Majibu lini, babu?"

"Jumanne."

"Unaogopa?"

Sefania alikuwa na majibu mengi, yote matamu. Namkunda alikohoa.

"Ndiyo," akasema.

Mama Eliaichi akasogea, akawaachia nafasi kwenye mkeka. Kisha akamwita binti yake aje asikie, na Sefania akaanza upya, pole pole, kwa sauti ile iliyokuwa ikikwaruza.