Mke wa Kitabuni

Mpaka sasa mwili haujanikaa sawa. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Kwenye banda letu la tumbaku hapa Urambo, wakati wa kuchambua majani, mmoja husoma kitabu kwa sauti na wengine tunamchambulia fungu lake. Msimu huu msomaji alikuwa wifi yangu Eustadia, dada wa mume wangu Jonasi, aliye kazini Mpanda. Riwaya aliipata mnadani. Nene hiyo, nikajua itatufikisha mpaka masoko yafunguliwe.

Mwanzoni tulisinzia. Sijui mpelelezi, sijui almasi, majina kibao. Halafu ghafla hadithi ikanoga! Akaingia mwanamke mmoja, mumewe anafanya kazi mbali, na kila akitaka kurudi anapiga simu: treni imekwama, nalala hapa njiani. Kumbe hapo njiani ana mwanamke, muuza migebuka, samaki wa kukaanga, mwenye pengo, na mtoto juu.

Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. "Hivi huyu mke ana macho kweli? Treni gani inakwama kila mwezi? Zuzu mkubwa!"

Jirani yetu Mama Martha alizidi kuinamia majani yake. Nilidhani hadithi imemgusa. Eustadia naye akasema, "Taratibu, wifi."

"Taratibu ya nini? Mwambie huyo zuzu afumbue macho!"

Jana Eustadia akaenda kliniki, kitabu akakiacha juu ya magunia. Roho haikunitulia, nataka kujua zuzu wangu ameishia wapi. Nikakifungua. Kurasa za mwanzo zina weusi wa tumbaku wa vidole vyake. Kwenye sura ya pili weusi umekoma. Kuanzia hapo karatasi nyeupe pee, nyingine bado zimegandana. Nikapekua mpaka mwisho. Mpelelezi, almasi, mpelelezi. Hakuna treni, hakuna migebuka, hakuna mke.

Aliporudi nikamvaa hata kabla hajavua kanga ya kichwani. "Wifi, umetudanganya! Hadithi yako iko wapi humu?"

Akakaa juu ya gunia. "Kitabu kilinishinda, wifi. Nilijikaza, kikanishinda. Nikakiacha."

"Sasa yule mwanamke umemtoa wapi?"

Machozi yakaanza kumtoka. "Jonasi ni kaka yangu," akasema. "Ningeanzia wapi kukwambia?"

Mama wee! Nilishika nguzo ya banda. Jonasi akitoka Mpanda hubadilisha treni Kaliua. Na kila mwezi, Kaliua, treni inakwama. Nikamgeukia Mama Martha, hata kunitazama hakuweza. Yesu na Maria! Banda zima linajua, na mimi nimekaa katikati yao namtukana yule zuzu kwa sauti kuliko wote.

Nikajiambia Eustadia kakosea, kafananisha mtu. Miaka yote hii, na watoto wetu, haiwezekani. Nilijishikiza hapo mpaka jioni, simu ilipoita, yeye Eustadia akiwa jikoni kwangu.

"Mama Shukrani," Jonasi akasema, sauti tamu kama siku zote. "Treni imekwama tena. Nalala hapa hapa Kaliua."

Nikaishika simu kwa mikono miwili. "Pole, Baba Shukrani. Yule mama wa migebuka hajambo? Na mtoto?"

Nilimwomba Mungu mume wangu akasirike, anitukane, aniulize mama wa migebuka gani. Ningemwamini. Wallahi ningemwamini, na Eustadia ningemfukuza jikoni kwangu.

"Nani kakwambia?" akauliza.

Eustadia alikuwa amesimama mbele yangu, mwiko mkononi, hatikisiki. Alikuwa ananiangalia mdomo.

"Nimesoma kitabuni," nikamjibu, nikakata simu.