Usiitikie Mluzi

Kila msafara uliopanda njia ile ya milimani ulipewa hadithi ileile pamoja na chai. Kiongozi aliketi kwenye benchi la kibandani, akashusha sauti na kuwatolea wageni macho.

"Mkisikia mluzi kwenye ukungu, msiitikie. Ni mzimu wa yule mpagazi aliyefia huku. Ukimwitikia, anakuvuta mpaka bondeni."

Wageni wakasisimka. Jikoni, mpishi alimenya viazi kwa hasira hadi maganda yakawa manene kuliko viazi vyenyewe. Yule mpagazi alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Aliteleza na mzigo, akavunjika mguu, akapiga mluzi mchana kutwa. Wenzake walimsikia wakiwa humuhumu kibandani, na kiongozi huyuhuyu akawakataza kuitikia, eti mizimu ya mlima. Mtu akafa anasikika! Na sasa, bila haya, amemgeuza yeye ndiye mzimu.

"Kaka, huna hadithi nyingine?" mpishi aliuliza mlangoni.

"Dada, wewe pika. Wageni wanaipenda hii."

Adhuhuri ukungu ukashuka. Kiongozi akatoka kukagua njia, hakurudi. Baadaye ukasikika mluzi, mbali, upande wa bondeni.

Wageni waliweka vikombe chini. Bwana mmoja mnene akaenda akafunga mlango kwa komeo.

"Si alisema tusiitikie?"

Mpagazi mzee, mmoja wa wale waliomsikia mdogo wake mpishi, aliinamisha kichwa, kama alivyokiinamisha siku ile.

Mpishi alijua ni nani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, alijiambia, na maneno yale yalikuwa matamu mdomoni. Akachukua kiazi kingine. Mluzi ukalia tena, umefifia, na safari hii hakuweza kuutofautisha na wa mdogo wake. Akakitupa kiazi.

"Fungua huo mlango!" alimfokea bwana mnene. Akatoka na sufuria na mwiko, anagonga na kupiga kelele: "Tunakuja! Piga tena!"

Alimkuta chini ya njia, amekumbatia kichaka, kifundo cha mguu kimevimba, machozi yanamtoka.

"Dada! Nilijua hakuna atakayekuja."

"Ulijuaje?"

Kiongozi akanyosha mkono ainuliwe. Mpishi alisimama juu yake, mikono kiunoni, hakumpa hata kidole.

"Nimekuuliza, ulijuaje?"

"Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Na mdogo wangu? Ulidhani kweli ni mzimu?"

"Hapana. Niliujua mluzi wake. Niliogopa kushuka kule."

Mpishi alitamani kumpiga kwa ile sufuria, nayo ikainuka kabisa. Kisha akamshika ukosi, akamvuta juu bila huruma yoyote, akamwegemeza begani.

"Chakula kiko jikoni," alimwambia. "Hakuna atakayepakuliwa, wewe wala wageni wako, mpaka uwasimulie hiyo kweli ya mdogo wangu. Na jina lake ulitaje."