Juisi ya Ndizi, Ng'ambo ya Baraka

Ukiwa katika kijiji kile cha rasi ya Ubwari, asubuhi ukungu ukishaondoka juu ya ziwa, unaiona Baraka. Unaona bati zinang'aa, unaona minara ya simu, na siku ambayo ziwa limetulia unaweza kuonyesha kwa kidole mtaa unaoutaka. Nyumba ya mama yangu ilikuwa kushoto kwa mnara mrefu. Kila asubuhi niliitafuta kabla ya kunawa uso.

Mama alikuwa anavimba. Ilianza miguuni, ikapanda. Muuguzi alisema ni moyo uliochoka. Siku niliyoagana naye alikuwa ameketi mlangoni, miguu juu ya kiti kingine, anachambua maharage.

"Mama, nibaki?"

"Ubaki unifanyie nini? Kunichungia miguu? Batoto ba kominio banakungojea. Enda. Ukirudi utanikuta hapa hapa, na hii miguu ya tembo."

Nikaenda. Ilikuwa kazi ya siku chache.

Kazi yangu ni kinywaji cha watoto. Nachemsha mchaichai na tangawizi, naongeza maua ya bisapu, yaani rozela, kama yapo, na mahali pa sukari natia maji ya ndizi. Ndizi ziive mpaka ganda liwe na madoa meusi. Unamenya, unakanda pamoja na nyasi kavu safi mpaka maji yaachane na nyama, unachuja kwa kitambaa, unarudia kuchuja. Hamna unga wa pakiti, hamna rangi. Kukanda nilifundishwa na Renilde, mkimbizi wa Burundi aliyekuwa akija sokoni Baraka kutoka kambi ya Lusenda. Mchaichai na tangawizi ni vya mama. Ubaya wa kinywaji hiki ni kwamba hakikai. Ukikipika leo kinywewe leo. Kikilala kinaanza kutoa povu, na baada ya hapo una kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo hakuna mtu mzima wa kwetu asiyeijua harufu yake.

Aliyeniita Ubwari ni Papa Anatole, direkta wa shule ya msingi. Mwaka uliotangulia watoto wa kominio ya kwanza walikunywa juisi ya pakiti, wakatapika wekundu juu ya nguo nyeupe, na wazazi wakasema pakiti basi. Mke wake, Mama Félicité, ndiye aliyenipokea nyumbani kwao.

Siku ya sikukuu watoto walimaliza kopo la kwanza, kisha wakaanza kutoleana ndimi.

"Yangu iko nyekundu?"

"Hapana, iko vile vile."

"Na yangu?"

"Yako iko chafu tu. Hukusukutua!"

Wakanijia wote pamoja kushtaki. "Mama Arlette, hii juisi haifanye kazi. Ulimi haugeuke rangi."

"Na tumbo? Tumbo linasema nini?"

Yule mkubwa wao akafikiri. Akanyoosha kopo. "Linasema ongeza."

Kesho yake nilifunga masufuria yangu kwenye kitenge na kushuka ufukweni. Boti haikuja. Ilikuwa imetoka amri kutoka kwa wenye bunduki wa ng'ambo kwamba hakuna boti ya mota kuvuka, na atakayeonekana katikati ya maji atapigwa risasi. Kwa mguu njia ipo, inapita kule ambako rasi inaungana na nchi, na huko ndiko walikokuwa wanapigana. Nikarudi na masufuria yangu kichwani. Mama Félicité alinikuta njiani, akacheka.

"Mungu amekufungia kwetu. Weka chini hiyo mizigo, tule."

Nilifikiri ni siku mbili. Zikawa wiki, na wiki ikazaa nyingine. Sukari ilikwisha katika vibanda, sabuni ikafuata. Ndizi hazikwisha, mchaichai ulikuwa umeota nyuma ya kila nyumba, na watoto walianza kuja asubuhi na makopo yao bila kuitwa na mtu. Wazazi wao walileta mikungu na kuni. Nikapika, kwa sababu mgeni anayekaa bure anajisikia vibaya, na kwa sababu mikono yangu ikiwa na kazi macho yangu yalitulia kidogo.

Halafu Papa Anatole akaanza kusema jambo. Watoto wa pale walizoea kunywa maji ya ziwa kama yalivyo, na msimu ule wa mvua tumbo za kuhara zilikuwa nyingi. Aliona kwamba wale wanaokunywa kwangu kitu kilichochemshwa hawakosi shule. Alisema hilo kanisani, mbele ya watu wote, na watu wakanipigia makofi. Nilisimama pale nikiinamisha kichwa, na kila kofi nililisikia kama msumari kwenye mlango.

Rezo, yaani mtandao wa simu, ilipatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya shule. Nilipanda kila alasiri. Mdogo wangu Nadège, anayeniita Yaya, dada mkubwa, ndiye aliyebaki na mama na kumwekea simu sikioni.

"Bado uko huko?" mama alikuwa akiuliza.

"Bado, mama."

"Wamekuoa?"

"Nani atanioa na harufu hii ya ndizi?"

"Basi rudi. Nakungojea, lakini usinicheleweshe. Na mi niko na safari yangu."

Alikuwa akicheka kwa pumzi fupi, na Nadège alikuwa akiichukua simu na kusogea mbali. "Yaya, usimusikilize anavyocheka. Tumbo limejaa. Halale tena, anaketi usiku kucha. Tafuta namna."

Namna ilikuwa moja. Boti ya kanisa, yenye kitambaa cheupe kwenye mti, iliruhusiwa kuvusha wagonjwa mara moja moja. Papa Anatole na muuguzi wa kijiji ndio walioamua nani apande. Nilimkuta direkta barazani, anasahihisha mazoezi ya watoto.

"Papa Anatole, nipatie nafasi. Mama yangu anakufa."

Akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingekuwa rahisi. "Mama Arlette, we uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Uko na mimba?"

"Direkta, usinicheke."

"Sikucheki. Nafasi ni za bagonjwa. Na hata kama kungekuwa nafasi, bazazi banasema nini? Banasema, ukienda, batoto banarudia maji ya ziwa."

"Niliwaonyesha bamama wote. Mama Félicité anajua kupika."

"Félicité?" Akageuka kutazama kama mkewe yuko karibu. "Félicité alijaribu. Batoto walitema. Mbuzi wetu ndiye alikunywa, na hata yeye alisimama kwanza akafikiri."

"Nimekusikia!" Mama Félicité alisema kutoka jikoni. "Leo utakula na huyo mbuzi!"

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono yangu inanuka ndizi, na nilielewa kwamba hawatanifunga kamba wala hawatanikatalia chakula. Watanipenda tu, na nitabaki.

Siku chache baadaye muuguzi alisema boti ya kanisa itavuka kesho asubuhi. Nikakumbuka habari niliyoisikia kwa akina mama wakati wa kumenya ndizi. Zamani kidogo kulikuwa na mwanamke mgeni aliyewapa watoto kasiksi kwenye matanga. Wazee wa kanisa hawakumpiga. Walimpandisha boti siku ile ile na kumwambia asirudi.

Alasiri hiyo nilikanda beseni zima la ndizi na sikulipika. Nililifunika kwa majani ya mgomba, nikaliweka ukutani nyuma ya jiko, mahali panapobaki na joto. Nikatia ndani yake kidogo ya maji ya ndizi ya juzi yaliyokwisha kuchachuka, kuharakisha. Asubuhi nilipofunua, povu lilikuwa limepanda mpaka ukingoni, na harufu ikanipiga puani. Nikachanganya na mchaichai uliopoa. Kwa rangi huwezi kujua.

Watoto walikuwa wamekwisha kuja. Wa kwanza alikuwa Divine, mjukuu wa Mama Félicité, mtoto mdogo ambaye hata kiti alikuwa anakipanda kwa tumbo. Mwanzoni nilipofika alikuwa amekauka kwa kuhara, macho yameingia ndani. Sasa alikuwa na mashavu. Alishika kopo lake kwa mikono miwili na kulinyanyua juu, kama walivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa.

"Mama Arlette, jaza."

Kata ilikuwa mkononi mwangu na imejaa. Kule chini niliona boti imefika, kitambaa cheupe kimelowa, watu wanaanza kupanda. Divine hakuchoka kunyanyua. Alinitazama tu, akisubiri, bila wazo lolote kwamba mtu mkubwa anaweza kumpa kitu kibaya.

Nikashika beseni kwa pande zote mbili na kulimwaga.

Watoto walipiga kelele. Juisi ilikwenda mpaka kwenye miguu yao, ikatoa povu juu ya udongo. Mama Félicité akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaanza kunigombeza. Lakini pua yake ilikuwa imekwisha kujua. Akainama, akagusa tope kwa kidole, akanusa.

"Hii ingelevya batoto."

"Ndiyo."

"We mwanamke." Akanitazama muda mrefu, na mimi nikamtazama. "Ulitaka tukufukuze."

Akatupa mwiko, akanikamata mkono, na tukaanza kushuka mbio kuelekea ufukweni, yeye mbele na mwili wake mnene, mimi nyuma, watoto wote nyuma yetu na makopo matupu.

"Anatole!" aliita kabla hatujafika. "Anatole, huyu apande! Apande leo!"

Direkta alikuwa ndani ya maji hadi magotini, anashika ukingo wa boti. "Imejaa, Félicité."

"Basi ijazwe zaidi! Mama yake anakufa!"

"Imejaa. Nahodha anasema hata mutu moja hapana, mawimbi iko." Akanigeukia, na sauti yake haikuwa na hasira. "Mama Arlette, angalia we mwenyewe. Sema nani ashuke, nitamushusha."

Nikaangalia. Kulikuwa na mwanamke aliyelazwa juu ya mkeka, mwenye uchungu wa kuzaa tangu jana, anauma pembe ya kitenge chake. Kulikuwa na mzee ambaye mguu wake ulikuwa umefungwa kwa majani na ulinuka. Kulikuwa na mtoto aliyeungua na uji wa moto, na mama yake, na hao walikuwa ni mtu mmoja, hawakutenganishika. Muuguzi mwenyewe alikuwa amechuchumaa mbele akishika chupa ya maji ya mshipa. Wote walikuwa wananitazama. Walikuwa wamesikia.

Mzee wa mguu akasema, "Mwanangu, mi naweza kungoja," akaanza kujiinua kwa viwiko. Harufu ya kidonda chake ikatufikia wote.

"Keti, baba," nilisema. "Keti tu."

Papa Anatole akasukuma boti. Mota ikawaka. Niliiangalia ikielekea kwenye zile bati zinazong'aa mpaka kitambaa cheupe kikawa kidogo kama unyoya. Mama Félicité hakuuachia mkono wangu. Hakumwambia mumewe lolote juu ya beseni, siku ile wala baadaye.

Sikungoja alasiri. Nikapanda kilima.

"Yaya," Nadège alisema, "nilikuwa natafuta kukupigia. Hale kitu tangu jana. Anasema anataka ile ya kwako. Nimechemsha mchaichai, nimekanda ndizi, sijui kama ni vile. Mueleze."

Akaweka simu karibu na mama. Nilisikia pumzi yake kwanza, inapanda kama mtu anayevuta mtumbwi mzito mchangani. Kisha nikasikia kijiko kikigonga kopo.

Mama akasema, polepole, "Nadège, hii ndizi haikuiva. Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nadège akacheka na kulia kwa pamoja. Na mimi nikacheka, juu ya kilima, peke yangu.

"Mama, ni mimi."

"Najua. Uko mbali?"

"Nakuona, mama. Naona bati la nyumba."

"Basi si mbali." Akapumzika. "Nielezee unavyopika. Huyu mutoto hajui. Nielezee mi nisikie."

Nikaanza. Nikamwambia jinsi ninavyochagua ndizi, nabonyeza karibu na kikonyo, siyo katikati. Nikamwambia ninavyomenya na kuweka maganda upande kwa ajili ya mbuzi wa direkta, na kwamba huyu mbuzi ana tabia. Nikasikia kitu kama cheko, au labda ilikuwa pumzi. Nikamwambia juu ya nyasi, zikauke kabisa, zisiwe na vumbi, na unavyokanda kwa kisigino cha mkono, huku ndizi inakataa, inakataa, halafu ghafla inaachia maji. Nikamwambia juu ya tangawizi, iwe kidogo kwa wadogo. Nilisema polepole. Simu ilikuwa inaonya kwamba moto wa betri unakwisha, nami nikaendelea.

Kisha nikasikia sauti ya Nadège, karibu sana.

"Yaya. Unaweza kuacha sasa."

Jua lilikuwa limepiga Baraka yote. Kushoto kwa mnara mrefu bati lilikuwa linang'aa kama mengine.

Nilikuwa nimefika kwenye kuchuja. Nikamwambia Nadège arudishe simu sikioni kwa mama, nikaendelea.