Siku Nyumba ya Mzee Gharibu Ilipofuka Moshi

Tangu kijiji cha Nyamwage kiwe Nyamwage, hakuna mgeni aliyewahi kutolewa ukumbini na sigara yake kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia. Mzee Gharibu ndiye aliyeanza.

"Nyumba hii haitoi tena hewa ukaa," alimwambia jirani yake Bashiru, akimwonyesha mlango. "Hata chembe. Kavutie kwako."

"Na kupumua je?" Bashiru aliuliza. "Nasikia tukipumua tunaitoa hiyo hiyo. Au tuwe tunapumulia uani?"

Mzee Gharibu alimtazama kwa huruma, kama aliyehitimu masomo ya jioni ya watu wazima anavyomtazama aliyeyakimbia. Yeye hakuyakimbia. Alifanya kazi kwenye kivuko cha Ndundu kabla daraja halijajengwa, mchana akifunga kamba, jioni akifungua daftari, na hakuwahi kufeli mtihani.

Kijitabu cha mradi wa nyumba safi alikisoma mara nne na kukipigia mistari. Nyumba ya marehemu baba yake, ya miti ya mikoko, udongo na makuti, ingekuwa nyumba ya mfano ya kata nzima. Saruji aliikataa kwa kuwa viwanda vyake vinafuka. Akakandika upya kuta kwa udongo. Mwanawe Nasibu akaleta kutoka Dar es Salaam paneli za jua, zikasimikwa uani juu ya nguzo, pamoja na betri na sufuria ya umeme. Mwisho wa yote Mzee aliyang'oa mafiga matatu jikoni kwa mikono yake mwenyewe. Kilichobaki ni mkaguzi wa mradi kuja kuhakikisha hakuna moshi, kisha apigilie kibao cha nyumba ya mfano mlangoni. Habari za kibao hicho zilikuwa zimefika hadi Salale, na aliyezifikisha ni Mzee mwenyewe.

Mkewe, Bi Mwantum, hakuwa na ugomvi na sufuria. Ilipika wali bila kumtoa machozi. Ugomvi wake ulikuwa juu ya uchaga, ile dari ya fito juu ya jiko, ambako mahindi ya mbegu hupangwa yakapigwa moshi mpaka yakawa meusi na mdudu akayaogopa. Sasa ulikuwa mwezi wa pili bila moshi.

"Baba Nasibu, njoo uone." Alikung'uta hindi moja kiganjani, ukamwagika unga. "Fukusi hao. Mafuriko yaliposomba kila kitu kule shambani, mimi nilitoka na furushi hili kichwani, godoro nikaliacha. Maji yakipungua bondeni tutapanda nini? Kijitabu?"

"Tutanunua mbegu dukani."

"Ya dukani inayajua matope ya Rufiji?"

"Mke wangu, dunia inaungua."

"Iungue. Mbegu zangu zinaliwa."

"Kijitabu kimesema moshi sifuri, na sifuri haina mjadala."

Bi Mwantum akalirudisha hindi uchagani kwa upole. Mume mwenye akili angeogopa. Mzee Gharibu alidhani ameshinda.

Jumamosi mkaguzi akafika kutoka Kibiti, mtu wa bara, mpole, jina lake Remigius. Mzee, ndani ya koti lake la harusi za watu, alimketisha ukumbini akaanza kumweleza historia ya moshi tangu enzi za mababu. Hakuwa amefika mbali, kelele zikapigwa nje.

"Moto! Kwa Mzee Gharibu kunaungua!"

Ilikuwa sauti ya Bashiru. Moshi ulikuwa unapenya juu ya makuti, na kijiji kilichokwisha kuambiwa mara mia kwamba nyumba hiyo haipiki kwa kuni kingedhani nini kingine? Watu wakaja mbio na ndoo.

Mzee alikimbilia jikoni, mkaguzi nyuma yake. Mafiga yalikuwa yamerudi mahali pake. Bi Mwantum alikuwa amepiga magoti akipuliza kuni mbichi, wala hakugeuka. Papo hapo Bashiru akatokea mlango wa uani, ndoo kaiinua usawa wa uchaga, watu sita wamemfuata.

Mzee Gharibu aliona njia ya kupona. Anyamaze tu, maji yamwagwe, kisha aseme waya wa betri umeshika moto. Ajali haimnyimi mtu kibao. Akainua macho. Mahindi yalikuwa yamelala juu, makavu, yakisubiri maji yasiyo yao.

"Usimwage!" Alijitupa mbele, mikono kaitandaza kama golikipa.

"Kunaungua!"

"Hakuungui! Ni jiko. Moto nimeuwasha mimi."

Bi Mwantum aliacha kupuliza.

"Wewe?" Bashiru akashangaa. "Wewe uliyenifukuza na sigara?"

"Mimi. Nakausha mbegu. Shusha ndoo, mtu mzima hovyo!"

Bashiru aliishusha kwa pupa, nusu ikaishia kwenye koti.

Remigius akakohoa, akafungua karatasi zake. "Mzee, kwenye moshi niandike nini?"

Mzee Gharibu, maji yakimchuruzika, akasimama wima. Lilikuwa swali jepesi kuliko yote aliyowahi kuulizwa, na jibu lake lingemfelisha kwa mara ya kwanza.

"Andika upo."

"Basi kibao..."

"Kirudishe Kibiti, mwanangu. Lakini uandike na hili: kijitabu chenu hakina ukurasa wa mbegu. Mkisahihishe."

Remigius akaandika. Bi Mwantum akazichochea kuni.

"Sasa sogea, Baba Nasibu," alisema. "Umeukinga moshi."