Likizo ya Ma Genoveva

Siku moja ya Mei, mwaka 1954, Gaudens Kamugisha alirudi kutoka kazini saa kumi alasiri, akavua viatu, akatandaza ramani ya London mezani na kuzikandamiza pembe zake kwa vikombe vinne. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji wa ardhi, na hiyo aliinakili mwenyewe kutoka kitabu cha mkubwa wake. Mama yake, Ma Genoveva, alikuwa mjane aliyelima kahawa Bukoba kwa miaka thelathini. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda, nauli ya meli ya watu wawili ilikuwapo, na tangu mama aje Kinondoni kukaa na mwanawe, mazungumzo yao ya jioni yalikuwa hayo tu: wiki mbili za likizo London.

"Jumatatu mtoni," Gaudens alisoma. "Jumanne kanisani, lile kubwa. Jumatano..."

"Jumatano tunakaa," alisema mama.

"Tunakaa wapi?"

"Kwenye duka la kahawa. Niletewe kikombe, nilipe, ninywe. Nataka kuona wanaifanyaje."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Mimi nimeihangaikia miaka thelathini."

Alikwisha kununua viatu vya kufunika vidole, na fundi mmoja wa Kariakoo alikuwa amemshonea koti kwa mablanketi mawili ya kijivu. Lililobaki kumsumbua ni kwamba hakujua, kule barabarani, nani humwamkia mwenzake kwanza.

Fomu ya pasipoti ilitaka sababu ya safari. Gaudens aliandika: Kutembea na mama yangu. Bwana Shauri, ofisa wa Kiingereza aliyeisoma, alikuwa kijana wa umri wake.

"Unakwenda kusoma?"

"Hapana, bwana."

"Umepata kazi? Upishi? Ubaharia?"

"Hapana. Nakwenda kutembea, kama wewe unavyokwenda likizo."

"Mimi nakwenda kwetu," alisema Bwana Shauri. "Wewe huna kitu kule."

Ma Genoveva alikuwa amesimamishwa mlangoni. Alisema kutoka hapohapo kwamba kahawa yake ilikwenda huko kila mwaka, na hakuna aliyewahi kuiuliza sababu. Bwana Shauri aligonga mhuri. Chini ya mhuri aliandika: Sababu haitoshi.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Ma Genoveva alivaa koti lake, akakaa dirishani, akakataa chakula.

Kesho yake asubuhi, walipokuwa wanakunywa chai, ukungu uliingia chumbani kwa mama. Ulikuwa wa rangi ya majivu, unanuka makaa ya mawe na nguo mbichi. Ulijaa chumbani, ukajaa sebuleni, ukakomea kizingitini. Saa nne manyunyu yalianza kuangukia bati la nyumba hiyo peke yake. Kwa jirani yao, Mwajabu, jua liliendelea kuwaka na mihogo yake ikaendelea kukauka uani.

Adhuhuri Mwajabu alibisha hodi, ameshika sufuria ya maziwa na samaki wawili.

"Ma Genoveva, nasikia kwako kuna baridi. Niwekee hivi visiharibike."

"Weka chini ya kitanda. Na ufunge mlango, joto linaingia."

Gaudens aliomba likizo yake ya wiki mbili, akapewa. Jumatatu walikaa karibu na ukuta wa nyuma wakasikiliza mto ukipita, na honi za meli. Jumanne kengele za kanisa lile kubwa zililia, Ma Genoveva akasali rozari yote. Jumatano alivaa viatu vipya, akakaa mezani. Gaudens alimletea kikombe chenye maziwa mengi, kama alivyosoma kitabuni. Mama alilipa, akanywa polepole, pumzi yake ikitoka kama moshi.

"Ikoje?"

"Wanaizamisha. Ndiyo maana hawaijui."

Alicheka, na Gaudens akakumbuka kwamba hakumsikia akicheka tangu mazishi ya baba.

Katika wiki ya pili alikuja Bwana Afya na kipimajoto. Alikitundika ukutani, akasubiri, akaandika nyuzi arobaini na mbili za Farenhaiti. Kisha akauliza ni nani aliyetoa kibali cha hali hiyo ya hewa. Gaudens alijibu kwamba hakuna aliyeombwa.

Barua ilifika Ijumaa. Ilieleza kwamba mji umegawanywa kwa mitaa, kila mtaa na watu wake, na kwamba baridi ya namna hiyo ni ya Uzunguni. Kwa hiyo kiwanja hicho kingehamishiwa Uzunguni, na waliomo wangepewa chumba Temeke.

Askari waliokuja kutoa vyombo waliongozwa na mtu aitwaye Ansbert. Ma Genoveva alikalia kitanda.

"Mlisema sina kitu kule," alimwambia. "Kimenifuata chenyewe, sasa mnakichukua."

"Mama, mie nimetumwa tu."

"Na mimi sikutumwa na mtu. Ndilo kosa langu."

Walimbeba pamoja na kitanda. Wiki hiyohiyo wake za maofisa walianza kuja alasiri, wamevaa sufu, na vitoto vyao vikilala vizuri ndani ya ukungu. Mwajabu alikwenda kuulizia sufuria yake, akafukuzwa na mpishi.

Gaudens aliporudi kazini alikuta jalada mezani pake. Mpaka wa Uzunguni ulitakiwa kusogezwa ili uizunguke nyumba moja ya Kinondoni. Alimwambia mkubwa wake kwamba nyumba hiyo ni yake. Mkubwa alisema ni vizuri, maana basi anaifahamu, hahitaji kwenda kupima tena.

Gaudens alikaa mbele ya karatasi hadi saa sita. Alifikiria kuumwaga wino. Alifikiria pia chumba cha Temeke, na kwamba mchora ramani aliyefukuzwa hapati kazi nyingine mjini. Kisha alichukua rula na kalamu nyekundu, akachora.

Jioni mama yake alikuwa amekaa kitandani Temeke, jasho likimtiririka shingoni.

"Huo mpaka wamemchoresha nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Umenyooka?"

"Umenyooka, mama."

Ma Genoveva alinyanyuka, akachukua sahani yake, akaenda kulia chakula nje pamoja na wapangaji wengine. Hakusema naye siku tisa. Siku ya kumi alimwomba chumvi. Ramani mpya ilikuwa imekwisha kupigwa chapa na kutundikwa katika ofisi zote, na Kinondoni manyunyu yaliendelea juu ya bati moja.