Beseni Lililohama

Siku ya kutawadhana miguu, Mama Taulo aliwahi kanisani kupasha maji. Aliyamimina kwenye mabeseni ya bati, akayapoza kidogo na kuyapima kwa kiwiko, kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Kisha akasimama mlangoni na rundo la taulo. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Jina lake la ubatizo walilijua yeye na mumewe tu, na mumewe alishakwenda nalo kaburini.

Desturi ya kanisa lile ilikuwa watu kushikana wawili wawili, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, kila mmoja amwoshe mwenzake kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Ukweli ni kwamba watu walipangana tangu katikati ya juma. Mke wa mchungaji na mke wa mzee wa kanisa, wakwe kwa wakwe, majirani kwa majirani. Miguu ilifika pale ikiwa imeshasuguliwa nyumbani, mingine hata imepakwa rangi ya kucha, ili mtu asiaibike. Mama Taulo aligawa taulo mpaka ya mwisho, na kila alipogeuka kutafuta mwenzi, wote walikuwa wameshapatana. Si kwamba walimchukia. Walimpenda sana, na walisema wazi kwamba bila yeye ibada ingekwenda mrama. Ila hakuna aliyewahi kufikiri kuwa naye ana miguu.

Miguu alikuwa nayo, na ilimtesa. Goti lilikuwa limegoma kukunjika, na nyayo zake mwenyewe hakuzifikia tena. Mumewe, fundi viatu, ndiye aliyekuwa akimkata kucha na kumsugua magaga, huku akimtania kwamba kwa ngozi ile angeshona soli za mtaa mzima. Tangu afe, hakuna mkono wa mtu ulioigusa miguu hiyo. Binti yao alikuwa mbali, na simu zake zilikuwa za haraka haraka. Mama Taulo alikuwa mpweke, upweke ule wa mtu kuzungumza na sufuria na kuisubiri ijibu.

Siku hiyo alijikaza kisabuni, akamsogelea mke wa mzee wa kanisa.

"Dada, leo na mimi ningependa kuoshwa."

"Wewe tena, Mama Taulo. Si unaona nina mwenzangu? Safari ijayo, Mungu akipenda."

Akampa taulo iliyolowa akaianike.

Jioni, beseni moja lilitoka kanisani kwa mlango wa pembeni, likashika barabara na maji yake, bila kumwaga tone. Mwendesha baiskeli alisogea pembeni lipite. Muuza mkaa alilielekeza, maana pale kwenye kona lilitaka kupotea. Jirani alipoliona limesimama kizingitini, akagonga ukuta.

"Mama Taulo, una mgeni."

"Apite, mlango uko wazi."

Liliingia, likatua mbele ya kiti chake. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alitumbukiza miguu, akangoja. Beseni lilikuwa limefanya liwezalo, lakini mikono halikuwa nayo.

Kesho yake alilirudisha. Jioni likarudi. Wazee wa kanisa walilifungia stoo, likatoka na komeo lake. Wakakaa kikao kirefu kuhusu taratibu, na mwishowe wakalitenga na ushirika kwa kosa la kuhama bila barua. Likanunuliwa jingine, la plastiki, lenye tabia nzuri.

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alimtembelea Mama Taulo nyumbani, akakalishwa kwenye kigoda, uso kwa uso naye, beseni katikati.

"Mama, hili ni somo," alisema. "Beseni hili limetufundisha unyenyekevu."

"Mchungaji, goti langu halikunjiki. Nyayo sizifikii."

Mchungaji alisikitika kwa dhati. Aliliombea goti, akaliombea na beseni, akiwa ameshikilia suruali yake isilowe, kisha akaaga. Jumapili alihubiri habari za beseni mpaka watu wakalia. Mama Taulo alipita kati ya viti akiwagawia taulo za kufutia machozi.

Ibada ya kutawadhana ilifika tena. Alipasha maji, akayapima kwa kiwiko, akagawa taulo zote. Mke wa mzee wa kanisa alimpungia mkono kutoka mbali, mguu wake ukiwa tayari mikononi mwa mwenzake.

Jioni beseni lilifika kama kawaida. Mama Taulo alivua viatu kwa kuvisukuma na ncha ya fimbo, akatumbukiza miguu. Upande wa pili aliweka kigoda, na juu ya kigoda taulo kavu, iliyokunjwa. Mlango aliuacha wazi. Maji hayakupoa, na hakuna aliyeingia.