Bakuli la Pili

Siku ya kumi na moja tangu apasuliwe, saa kumi na robo alasiri, Kuo Pi-yun alikuwa ameketi jikoni kwa mama yake mjini Chiayi, akinywa maziwa ya soya kwa kijiko cha chai. Kijiko kimoja, anasubiri dakika mbili, kijiko kingine. Ndivyo alivyoagizwa hospitalini. Madaktari walikuwa wamemtoboa matundu matano madogo tumboni, wakapitisha vyombo vyao na kukata sehemu kubwa ya mfuko wake wa chakula, wakamwachia kipande chembamba cha umbo la ndizi. Kikombe kimoja cha maziwa kilimchukua saa nzima.

Mlango wa wavu ukasukumwa. Akaingia mtoto wa kike wa miaka tisa, amevaa sare ya shule ya msingi na kofia ya njano. Akavua viatu, akavipanga pembeni, visigino ukutani. Alikuwa Kuei-lan, dada yake Pi-yun, aliyekufa kwa homa miaka thelathini na sita iliyopita.

Mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kuo, alikuwa akichambua majani ya viazi vitamu. Aliinua uso, akamtazama kuanzia kofia hadi soksi.

"Nawa mikono," alisema.

"Nina njaa, Mama."

"Nawa kwanza."

Kuei-lan alinawa, akaketi. Mama Kuo akampakulia wali na majani ya viazi yaliyochemshwa na vitunguu saumu. Mtoto akala haraka haraka, bakuli limemgusa kidevu, vijiti vikigonga kama mvua juu ya bati. Alipomaliza la pili alipumua, akamgeukia mdogo wake, ambaye sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu na mvi mbili tatu juu ya paji la uso.

"A-yun, siku kumi na moja hakuna kilichofika," alisema. Hakuwa analaumu. Alisema kama mtu anayetoa taarifa kwamba maji yamekatika.

"Nilipasuliwa, Dada."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Hapo Pi-yun akaelewa, wala hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Tangu wiki aliyozikwa Kuei-lan, mezani kwao kulikuwa na mabakuli mawili mbele ya Pi-yun. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la marehemu. Pi-yun alikuwa na miaka saba wakati ule. Mama aliliweka bakuli la pili, akalisukuma kwa kidole, akasema, "Ulianza mwenyewe. Sasa maliza." Pi-yun akamaliza. Akamaliza la jioni, la kesho, la keshokutwa. Supu mbili, samaki wawili, na siku ya mwaka mpya vipande viwili vya keki ya figili. Alipokwenda Taipei kufanya kazi kwa miaka miwili, Mama alimtumia chakula kwa treni katika makopo mawili, la pili likiwa na jina la Kuei-lan kwenye mfuniko. Aliporudi na kupata kazi kwenye duka la sare, akitarizi namba za wanafunzi kwenye mifuko ya mashati, meza ilikuwa vilevile.

Na mkono uleule uliosukuma bakuli ndio uliomfinya mashavu.

"Mtu au sofa?" Mama Kuo alikuwa akiwauliza wageni, huku akimwongezea wali. "Nani atamwoa huyu? Labda achukuliwe na wawili, wasaidiane kumbeba."

Wageni walicheka, na Pi-yun naye alicheka, kisha akala. Alikula akifurahi, akikasirika, akiaibika. Chochote kilichompanda kooni alikishusha na tonge. Alipofikisha kilo mia moja na ishirini na sita, magoti yakakataa ngazi na sukari ikapanda, ndipo daktari akamwambia wakate.

Baada ya kukatwa, jambo moja hakuwa ameliwaza: kwamba atakiombolezea chakula kama mtu aliyefiwa. Jirani akikaanga vitunguu, Pi-yun alilia. Alililia tangazo la tambi kwenye runinga. Siku moja alisimama mbele ya kabati, ameshika pakiti ya biskuti za ufuta, akainusa tu, dakika kumi nzima, mpaka Mama akamwambia aiache ipumzike. Bi Hung, mtaalamu wa lishe pale hospitalini, alikuwa amemwonya mapema. "Kuna njaa ya tumbo na njaa ya kichwa," alisema. "Ya tumbo tumeikata. Ya kichwa utaishi nayo nyumba moja."

Sasa Kuei-lan alikuja kila siku shule zikitoka. Mama Kuo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepika bila kuonja, alianza kuamkia sokoni. Akapika chaza kwa mayai, akapika biringanya, akachemsha maharage mekundu kwa sukari. Pi-yun alikaa na kikombe chake, na wiki ya tatu na bakuli lake la uji wa mchele uliosagwa, akimtazama dada yake akila.

"Niambie," alikuwa akimwomba.

"Chaza?" Kuei-lan alitafuna, akafumba macho. "Laini. Halafu kuna chumvi, halafu... unakumbuka tulipokwenda Budai na Baba, wewe ukameza maji ya bahari ukadhani ni supu?"

"Nilikuwa na miaka minne!"

"Ladha ndiyo hiyo. Lakini hii ya Mama ina pilipili manga."

Pi-yun aliiona ile ladha kabisa. Ilimkaa mdomoni, haikwenda popote, ikayeyuka yenyewe. Kwa namna hiyo wakala tena utoto wao wote: barafu ya karanga aliyouza mwanamke mwenye jino la dhahabu karibu na stesheni ya reli ya msituni, mapapai yaliyosagwa na maziwa, tofu laini ya tangawizi ambayo Baba alileta kwa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeinua mfuko ili isimwagike. Walimkumbuka Baba alivyonuka mbao za mwerezi hata baada ya kuoga. Pi-yun aliuliza kwa nini yeye haji.

"Huko anakula kwa shangazi," alisema Kuei-lan. "Ana mpishi mzuri."

Mama Kuo alikuwa na furaha ambayo Pi-yun hakuwahi kuiona. Alimshika Kuei-lan kiuno, akakipima kwa vidole.

"Mwone mwenzako," alimwambia Pi-yun. "Mabakuli matatu, na hanenepi. Si kama wewe, ukinusa tu umevimba."

"Mama, amekufa," alisema Pi-yun.

"Visingizio," alisema Mama Kuo.

Siku ya ishirini Pi-yun alirudi hospitalini kupimwa. Alikuwa amepungua kilo tisa. Bi Hung aliuliza kama anatapika, kama anapata choo, kama nywele zimeanza kung'oka. Kisha akauliza anafanyaje hamu inapomshika.

"Dada yangu marehemu anakula kwa niaba yangu," alisema Pi-yun.

Bi Hung aliandika. "Mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja, alasiri."

"Vizuri. Wengine wanajiwa na mama mkwe marehemu, hao hawaachi kuongea." Akapindua ukurasa. "Ila wewe mwenyewe ongeza mayai. Huyo hawezi kukulia protini."

Pi-yun alikuwa ameanza kuamini kwamba njaa yake yote ilikuwa ya Kuei-lan. Haikuwa hivyo. Nusu ilikuwa ya Kuei-lan. Nusu nyingine ilikuwa yake mwenyewe, na siku ya ishirini na tatu ilimwamsha kitini kama mtu aliyeitwa jina.

Alivaa viatu, akatembea mpaka duka la wali wa bata mzinga la Mzee Weng, mitaa miwili kutoka kwao. Ilikuwa saa tisa na nusu na watu walikuwa wachache. Hakuwa amekanyaga pale tangu utotoni. Mapenzi yake na chakula chote cha Chiayi yaliruka duka lile moja. Akaagiza. Bakuli likaja: wali mweupe, nyama iliyochanwa nyuzinyuzi, vitunguu vidogo vya kukaanga, mafuta ya bata mzinga yakimetameta juu, na kipande cha figili ya njano pembeni. Mvuke ulimpiga usoni. Alijua kwamba mishono ya ndani bado haijakomaa, na kwamba wapo waliorudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya matonge machache. Akashika vijiti.

Kuei-lan akaketi mbele yake, kofia ya njano mapajani.

"Dada," alisema Pi-yun. "Nilikula wali wako."

"Upi?"

"Siku ile. Ulikuwa unaumwa. Mama alikuja hapa akakununulia, akasema ukila utapona. Akatoka kwenda kuchota maji ya kukukanda. Aliporudi bakuli lilikuwa tupu, na mimi nilikuwa na mafuta mdomoni. Jioni ukafa."

Kuei-lan alimtazama kwa mshangao mdogo, kama watoto wanavyowatazama watu wazima wanaohesabu vibaya.

"Nilikupa mimi," alisema. "Koo lilikuwa limefunga, hata mate hayapiti. Nikakuambia, A-yun, njoo ule kabla haujapoa, halafu uniambie. Ukala, ukaniambia. Ukasema mafuta yameingia mpaka chini kabisa kwenye wali. Nikafurahi. Hukumbuki?"

Pi-yun hakukumbuka. Alikumbuka mlango ukifunguliwa, na sauti ya Mama. Kilichokuwa kabla ya hapo kilikuwa kimefunikwa na wali mwingi mno.

Kuei-lan akalivuta bakuli upande wake, akala. Safari hii hakusema lolote kuhusu ladha, wala Pi-yun hakuuliza. Mzee Weng alipokuja kuondoa vyombo alimpapasa mtoto kichwani, akasema amekua.

Walirudi nyumbani pamoja, mtoto mbele na mwanamke nyuma. Mama Kuo alikuwa jikoni, anakaanga samaki.

"Mama," alisema Pi-yun, "Dada anasema wali ule alinipa yeye."

"Wali gani?"

"Wa siku ile."

Mama Kuo hakugeuka. Alipunguza moto, akamgeuza samaki upande wa pili.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliwasikia."

Mafuta yalichemka kwenye kikaango. Kuei-lan alikuwa ananawa mikono, anapiga mapovu kwa sabuni.

"Ulijua," alisema Pi-yun. "Na bado ukaniambia nimemlia dada yangu chakula akafa."

"Ningemwambia nani?" Mama Kuo alifunga gesi. "Yeye ameshakufa. Baba yako amekuwa kama gogo, haongei. Mwenyezi wa mbinguni yuko mbali. Uliyekuwa karibu ni wewe."

"Miaka thelathini na sita, Mama."

"Na kila siku ulishiba," alisema Mama Kuo. "Kaa, samaki anapoa."

Pi-yun alikaa. Hasira ilimpanda, kubwa, kongwe, yenye uzito wake. Zamani angeishusha kwa bakuli la kwanza, na mabaki yake kwa la pili. Sasa hapakuwa na mahali pa kuiweka. Kile kipande cha umbo la ndizi kilijaa kwa vijiko vitatu. Ikabaki kooni, ikapanda machoni, ikatoka. Alilia bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakidondokea mezani.

"Ni moshi wa samaki," Mama Kuo alimweleza Kuei-lan, akafungua dirisha.

Hewa ya alasiri ikaingia. Kuei-lan alisogeza kiti chake mpaka bega lake dogo likamgusa Pi-yun kwenye mkono, akaanza kuchambua miiba. Mama Kuo aliweka mbele ya Pi-yun yai la mvuke, laini, lenye tone la mchuzi wa soya, akasimama kumtazama.

Pi-yun alichukua kijiko. Akala kidogo, akatafuna kile kisichohitaji kutafunwa mpaka hesabu aliyopewa ikatimia, akameza. Akasubiri. Akala tena. Lilipofika nusu akahisi lile shinikizo dogo chini ya kifua ambalo Bi Hung alimfundisha kulitii. Akaweka kijiko chini. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuweka kijiko chini na chakula kingali bakulini.

Mama Kuo alilitazama yai. Akamtazama binti yake aliye hai, mashavu yake yaliyoanza kulegea, shati lililomzidi.

"Umekonda vibaya," alisema. "Watu watasema sikulishi."

Kisha kwa kidole chake kilekile akalisukuma lile yai hadi mbele ya mtoto.

"Kula, mwanangu. Mdogo wako anadharau chakula."

Kuei-lan alimtupia jicho Pi-yun. Pi-yun akaitikia kwa kichwa, akafuta uso kwa kiganja, akainuka kwenda kuanua nguo uani kabla jua halijatoka ukutani. Nyuma yake alisikia vijiti vikigonga, na Mama akiuliza kama chumvi imekolea.